KUTOA UPEPO KATIKA BREKI ZA MOTOKAA NYUMBANI

(Hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, karani, katika mkutano wa mwezi wa Chama)



Bwana Katibu alipotuandikia barua kutuomba tutoe hotuba, alituachia tuchague wenyewe jambo la kusemea. Wenzetu waliotutangulia mahali hapa wamesema juu ya malezi ya watoto, juu ya akiba, na juu ya adabu ya kazi, na yote yalikuwa maneno mazito. Sisi tumechagua neno ambalo huenda wengine wakaliona dogo, tena lenye kuchafua mikono, nalo ni namna ya kutoa upepo katika breki za motokaa, kazi ambayo mtu aweza kuifanya uani kwake akiwa na msaidizi mmoja. Twaomba mtuvumilie mpaka mwisho, maana neno hili nusura litutoe roho.

Wengi wenu mwajua kwamba sisi na wenzetu wanne tulichanga fedha tukanunua motokaa moja kuukuu, ili itufae katika safari za msiba na za hospitali. Silinda ya gurudumu moja la nyuma ilikuwa ikivuja, basi tukalipeleka gari kwa fundi mmoja abadilishe silinda hiyo. Tuliporudi kulichukua tuliletewa karatasi iliyoandikwa kwamba silinda imebadilishwa na breki zimetazamwa. Tukaingia garini, tukakanyaga pedali ya breki, tukaiona laini kama mtu akanyagaye godoro la sufi. Tukaikanyaga mara ya pili, ikapanda kidogo. Tukauliza, tukajibiwa kwamba itakaa sawa yenyewe ikizoea. Nasi, kwa kuwa twajua karatasi kuliko tujuavyo breki, tukatia sahihi tukaenda zetu.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa tukiteremka kutoka Lushoto kwenda Mombo. Waijuao njia ile wafahamu kwamba katika kilomita zipatazo 33 mtu hushuka kadiri ya mita 1,000, kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa mlima na upande wa pili bonde. Garini alikuwamo mwenzetu mmoja pamoja na mama yake mzazi, ambaye tulikuwa tukimpeleka kutazamwa macho. Tulipofika karibu na nusu ya mteremko tulikanyaga breki penye kona, na pedali ikaenda chini mpaka sakafuni bila kushika kitu. Tukaikanyaga upesi upesi mara tatu, tukarudisha gia ya chini, tukavuta breki ya mkono, kisha tukaliegemeza gari kwa nguvu katika ukingo wa mlima mpaka likasimama. Mungu alisaidia, hapana aliyekufa. Lakini yule mama alivunjika mkono wa kulia.

Alipotolewa garini hakutulaumu. Alituuliza neno moja tu: “Wanangu, hamkujua?” Swali hilo halijatutoka moyoni hata leo, maana jibu lake ni kwamba tulijua. Mguu wetu ulitwambia siku ya kwanza, nasi tukasadiki karatasi.

Fundi mzee mmoja aliyekuja kulikokota gari ndiye aliyetufundisha haya tutakayoyasema. Alitueleza kwamba makosa yalikuwa mawili. Silinda ilipobadilishwa upepo uliingia katika paipu za nyuma, wala haukutolewa. Tena mafuta ya breki katika paipu za mbele yalikuwa ya miaka mingi, meusi kama kahawa, nayo yalichemka katika mteremko ule. Kwa hiyo gari lilikuwa halina breki ya nyuma ya kutosha, na ya mbele ikapotea wakati tulipoihitaji. Dawa ya makosa yote mawili ni moja, nayo ni hiyo kazi ya kutoa upepo na kutia mafuta mapya.

KWA NINI UPEPO NI ADUI

Zamani breki za motokaa zilivutwa kwa fimbo za chuma na kamba za waya. Mwaka 1921 kampuni ya Duesenberg ya Marekani ilitoa motokaa yenye breki za mafuta katika magurudumu yote manne, na baada ya miaka breki za namna hiyo zilienea duniani. Kanuni yake tuliisoma shuleni, nayo yaitwa kwa jina la Mfaransa Blaise Pascal, aliyeishi tangu 1623 mpaka 1662. Yasema kwamba ukiyasukuma maji yaliyofungiwa chomboni, nguvu ile huenea sawasawa kila upande. Tuseme pistoni ya silinda kuu, iliyo karibu na mguu wa dereva, ina eneo la sentimita 3 za mraba, na pistoni iliyo katika gurudumu ina eneo la sentimita 15. Basi nguvu itokayo katika gurudumu itakuwa mara 5 ya ile iliyoingia. Ndiyo maana mguu wa mtu mmoja waweza kusimamisha gari zito.

Lakini hapana kitu cha bure. Nguvu ikizidi mara 5, mwendo hupungua mara 5. Pistoni ya silinda kuu husukuma mafuta kidogo tu, sentimita chache za ujazo, kisha mwendo wake umekwisha. Mafuta hayakubali kushindiliwa, kwa hiyo hayo machache yatosha. Upepo sivyo. Upepo ukisukumwa kwa nguvu iliyo mara 20 ya kawaida hujikunja mpaka ukawa sehemu moja ya 20. Basi povu moja dogo katika paipu hula mwendo wote wa mguu wako kwa kujikunja tu, na gurudumu halipati kitu. Mwenye kutaka kulifahamu jambo hili achukue bomba la sindano lisilo na sindano, alijaze maji, azibe tundu kwa kidole na kusukuma. Halitasogea. Kisha aache humo upepo kidogo asukume tena. Atahisi mkononi kile tulichokihisi sisi mguuni.

Adui wa pili ni maji. Mafuta ya breki yatumikayo katika magari mengi yana tabia ya kunywa unyevu wa hewa polepole, hata katika kikopo kilichofunikwa, na sisi tukaao karibu na pwani twajua unyevu wetu ulivyo. Mafuta yaandikwayo DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka chini ya digrii 205 za Sentigredi, lakini yakiisha kunywa maji kipimo chake huwa digrii 140. DOT 4 huanza na digrii 230 na kushuka mpaka 155. Katika mteremko mrefu breki hupata moto mwingi, na mafuta yenye maji yakichemka hutoa mvuke, nao mvuke hujikunja kama upepo. Gari likisimama na kupoa, pedali hurudi ngumu kama kwamba hapakuwa na neno. Msidanganyike kwa hayo. Aghalabu hushauriwa mafuta yabadilishwe kila baada ya miaka 2, lakini mfuate kitabu cha gari lenu.

KUPAMBANUA UGONJWA

Kabla ya kushika spana yafaa kujua ugonjwa wenyewe, maana si kila pedali iliyolegea ina upepo.

Ikiwa pedali ni laini, nawe ukiikanyaga mara mbili tatu kwa haraka yapanda na kuwa ngumu, yamkini pana upepo, au breki za nyuma zataka kukazwa. Ikiwa ukiikanyaga na kuushikilia mguu yashuka polepole yenyewe, basi mafuta yavuja mahali, au raba za silinda kuu zimechakaa. Hapo kutoa upepo hakutakusaidia kitu. Ikiwa pedali ni ngumu asubuhi lakini hulegea katika mteremko, mafuta ni ya zamani. Na ikiwa mafuta katika kikopo hupungua mara kwa mara, tafuteni kwanza yanakokwenda. Tazameni upande wa ndani wa kila gurudumu, maana palipo na unyevu wa mafuta ndipo penye ugonjwa.

Twawaonya pia kwamba malori makubwa na mabasi mengi hutumia breki za upepo, ambamo upepo ulioshindiliwa ndio mtumishi mwenyewe. Hizo ni elimu nyingine kabisa, wala maneno yetu ya leo hayazihusu.

VITU VINAVYOTAKIWA

Tafuteni jeki, na stendi za chuma au magogo mazito ya kulishikilia gari. Tafuteni spana ya duara inayoenea sawasawa katika skrubu ya upepo, ambayo mara nyingi huwa ya milimita 8, 10 au 11. Kisha mpira mwembamba unaoonyesha ndani, chupa ya kioo, brashi ya waya, vitambaa safi, ndoo ya maji, na mafuta mapya ya breki ambayo chupa yake haijapata kufunguliwa. Namna ya mafuta huandikwa juu ya kifuniko cha kikopo garini, nanyi msiyabadili kwa kusikia maneno ya dukani. Mafuta ya DOT 5 ni ya namna nyingine, wala hayachanganywi na DOT 3 wala DOT 4. Wala mtu asithubutu kutia mafuta ya injini au mafuta ya taa, maana raba zote zitavimba na kuharibika, na gharama yake itapita mshahara wa mwezi.

Zaidi ya vitu hivyo yatakiwa mtu wa kukanyaga pedali. Awe mtu mtulivu, asiye na haraka, anayefuata neno kama lilivyosemwa. Kwetu kazi hiyo huifanya mama watoto, naye huifanya vizuri kuliko mwenzetu yeyote wa ofisini.

KAZI YENYEWE

Liwekeni gari mahali tambarare, mzime injini, na mzuie kwa mawe magurudumu yasiyoinuliwa, mbele na nyuma. Inueni kwa jeki, kisha mlilaze gari juu ya stendi. Jeki ni ya kuinulia tu, haikufanywa mtu akae chini yake. Wala msitumie matofali, kwa sababu hupasuka bila kutoa habari. Mkitoa upepo katika magurudumu ya nyuma, achilieni breki ya mkono.

Futeni kifuniko cha kikopo kabla ya kukifungua, vumbi lisiingie ndani. Nyonyeni mafuta machafu yaliyomo kwa bomba la sindano, kisha mjaze mapya. Tangu hapo mpaka mwisho, mwangalie kikopo kila baada ya mikanyago mitano, mkiongeze. Kikikauka, upepo utaingia kwa juu, na kazi yote ya asubuhi itakuwa imepotea.

Yatupasa kuanza na gurudumu gani? Katika magari mengi huanzwa na lile lililo mbali kabisa na silinda kuu. Kwa kuwa magari yetu yana usukani upande wa kuume, silinda kuu nayo huwa upande huo, basi huanza gurudumu la nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, kisha mbele kushoto, na mwisho mbele kulia. Lakini magari mengine yana mpango wake, na kitabu cha gari kikisema vingine, kitabu kifuatwe.

Nyuma ya kila breki pana skrubu ndogo yenye tundu katikati, aghalabu imevikwa kofia ya mpira. Isafisheni kwa brashi. Vaeni spana kwanza, ndipo mchomeke mpira mwembamba juu yake, na ncha ya pili ya mpira itumbukie ndani ya chupa yenye mafuta kidogo, ili skrubu isivute upepo wa nje. Skrubu ikiwa imeshikwa na kutu, itieni mafuta ya kulegeza mkaingoje. Msiilazimishe, maana ikikatika mtahitaji fundi, na labda silinda mpya.

Sasa twafika penye kiini cha kazi, napo ni penye maneno matatu.

Msaidizi akanyage pedali polepole mpaka ikaze, aishikilie, aseme: “Nimekanyaga.” Hapo yule aliye chini afungue skrubu kwa robo ya mzunguko. Mafuta yatatoka pamoja na mapovu, na pedali itashuka. Ikikaribia mwisho msaidizi aseme: “Imefika,” wala asiondoe mguu kamwe. Aliye chini afunge skrubu, ndipo yeye aseme: “Achia.” Msaidizi akiachia kabla ya skrubu kufungwa, upepo utavutwa ndani, mtakuwa mmeongeza ugonjwa mliotaka kuuondoa. Kazi hii huharibika kwa sababu hiyo kuliko nyingine yoyote. Twawashauri maneno hayo matatu yasemwe kwa sauti kila mara, hata kama mmezoea, wala asiwepo mtu wa tatu wa kupigisha soga.

Katika gari kuukuu yafaa kuweka kipande cha mbao chini ya pedali, isifike sakafuni kabisa. Sababu yake ni kwamba sehemu ya mwisho ya silinda kuu haitumiki siku zote, hushika kutu, na raba zikipitishwa hapo huchanika.

Rudieni hivyo mpaka mapovu yakome na mafuta yatokayo yawe na rangi safi ya yale mapya. Msikome mara tu mapovu yasipoonekana mara moja, bali ongezeni mikanyago mitatu minne zaidi. Kazeni skrubu kwa kiasi, mrudishe kofia yake, mwende gurudumu la pili.

Mtu asiye na msaidizi aweza kuacha mafuta yatoke kwa uzito wake yenyewe. Afungue skrubu kidogo na kuyaacha yadondoke polepole, huku akijaza kikopo. Ni njia ya polepole, tena haiwezi kufukuza kila povu, lakini ni heri hiyo kuliko kumwita mtoto mdogo asiyefahamu neno “achia.”

Liko jambo moja ambalo nyumbani haliwezekani sikuzote. Magari mengi ya siku hizi yana mtambo wa kuzuia magurudumu yasifungwe, uitwao ABS. Upepo ukiingia ndani ya mtambo huo, huenda usitoke mpaka vali zake zifunguliwe kwa chombo cha umeme walicho nacho mafundi maalum. Mkitoa upepo kwa utaratibu wote huu na pedali ikabaki laini, msione haya. Lipelekeni gari likiwa limekokotwa.

BAADA YA KAZI

Jazeni kikopo mpaka alama ya juu. Msaidizi akanyage kwa nguvu, nanyi mzunguke mtazame kila skrubu kama ni kavu. Washeni injini, maana katika magari yenye kisaidizi cha breki pedali itashuka kidogo kisha isimame imara, nayo ndiyo desturi yake. Rudisheni magurudumu, mkaze nati zote. Kisha mjaribu mahali tambarare kwa mwendo wa mtu atembeaye, mara nyingi, kabla ya kutoka barabarani. Pedali isiporidhisha, gari lisitoke. Hapa hapana heshima ya mtu, hata kama safari ni ya harusi.

Mafuta ya breki hula rangi ya gari na hudhuru macho. Yakimwagika oshweni kwa maji mengi upesi. Yaliyotoka hayarudishwi garini, wala hayamwagwi mferejini. Na neno hili twalisema kwa akina mama na akina baba pia: msiyaweke kamwe katika chupa ya soda. Rangi yake inafanana na kinywaji, na mtoto hajui kusoma. Ni sumu.

Mwisho, andikeni. Sisi makarani tuna daftari la kila kitu ofisini, la barua ziingiazo, la barua zitokazo, la kalamu na wino. Motokaa zetu je? Tangu siku ile gari letu lina daftari lake, lenye tarehe, kilomita, namna ya mafuta, na jina la aliyekanyaga na la aliyefungua. Wala hapana atiaye sahihi kabla hajaikanyaga pedali kwa mguu wake mwenyewe.

Twasema haya kwa kuwa liko kosa moja kati yetu sisi tuliosoma. Tulipofundishwa kushika kalamu, wengi wetu tulidhani tumesamehewa kushika spana, na kwamba mwenye mikono ya mafuta ni mtu wa chini. Mkono wa yule mama umepona, ijapokuwa hauwezi kuinua ndoo kama zamani. Kila tukimwamkia twauona. Haukuvunjwa na kukosa elimu, maana katika motokaa ile walikuwamo watu wawili wenye vyeti. Ulivunjwa na uvivu wa kuuliza mara ya pili, na haya ya kuinama chini ya gari.

Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Twaomba kutoa shauri kwamba Chama kinunue sanduku moja la vyombo, yaani jeki, stendi nne, spana na mipira, likae hapa chini ya ulinzi wa Bwana Katibu, na kila mwanachama aliazime kwa kutia jina lake daftarini. Nasi tu tayari kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kumfundisha yeyote apendaye, aje na msaidizi wake.